Kaya, Wazee na Dola: Dini ya Jadi ya Wamijikenda katika Mabadiliko ya Jamii ya Pwani ya Kenya tangu 1844

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya dini ya jadi ya Wamijikenda wa pwani ya Kenya kwa kufuatilia taasisi moja, yaani kaya, tangu kufika kwa wamisionari wa Kiprotestanti mwaka 1844 hadi zama hizi ambapo baadhi ya kaya zimeorodheshwa kuwa urithi wa dunia. Hoja kuu ni kwamba kaya imedumu kwa kubadilika matumizi, na kwamba katika kila badiliko swali lililogombewa lilikuwa lile lile: nani ana haki ya kusema kwa niaba ya wahenga? Dola ya kikoloni iliivunja kaya ili kuyavunja mamlaka ya wasemaji hao. Dola huru imeilinda kaya kwa sheria, lakini ulinzi huo umeushika msitu zaidi kuliko mzee. Mauaji ya wazee wanaotuhumiwa uchawi katika Kaunti ya Kilifi yanajadiliwa hapa kama matokeo ya pengo hilo.

1.0 Utangulizi

Mjadala wa kitaaluma kuhusu dini za jadi za Afrika uliathiriwa kwa kiasi kikubwa na John Mbiti, ambaye kitabu chake African Religions and Philosophy kilichapishwa mwaka 1969. Mbiti alisisitiza kwamba dini ya Mwafrika haikai katika maandiko wala katika jengo la ibada, bali imeenea katika maisha yote. Mwaka mmoja baadaye, Okot p'Bitek aliwashutumu wataalamu wa dini kwa kuwavisha Waafrika mavazi ya theolojia ya Kizungu. Pamoja na tofauti zao, mjadala huo uliacha tatizo ambalo mwanahistoria hawezi kulikwepa. Dini ikielezwa kuwa imeenea kila mahali na tangu zamani, inakuwa vigumu kuonesha ilibadilika lini, wapi na kwa sababu gani. Neno "jadi" lenyewe linashawishi msomaji kudhani kwamba kinachozungumziwa kilikuwa kimetulia hadi mgeni alipobisha hodi.

Makala haya yanalikabili tatizo hilo kwa kushika taasisi inayoonekana. Wamijikenda ni jumuiya ya makundi tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma. Kila kundi linajihusisha na kaya moja au zaidi, yaani makazi ya zamani yaliyojengwa ndani ya msitu, katika vilima na nyanda zinazopakana na Mombasa, Kwale na Kilifi. Kaya ina mahali, ina wakati, ina wenyewe, na imeacha kumbukumbu katika simulizi, katika nyaraka za wamisionari na katika majalada ya serikali. Kwa hiyo inaruhusu kuuliza maswali ya kihistoria kuhusu imani ambayo haikuandikwa na waumini wake.

2.0 Kaya kama Makazi na kama Mahali Patakatifu

Simulizi za Wamijikenda zinaeleza kwamba wahenga wao walitoka Singwaya, mahali panapotajwa kuwa kaskazini, katika pwani ya Somalia ya leo, na kwamba walihama kwa sababu ya uhasama na Wagala. Thomas Spear, katika The Kaya Complex (1978), alizipokea simulizi hizo kwa kiasi kikubwa kama kumbukumbu ya uhamaji wa karne ya 16. Justin Willis, katika utafiti wake wa mwaka 1993 kuhusu Mombasa na kuundwa kwa Wamijikenda, alitilia shaka usomaji huo. Alionesha kwamba jina "Mijikenda" na umoja unaobebwa nalo ni mambo yaliyopata nguvu katika karne ya 20, na kwamba simulizi ya asili moja ilifaa mahitaji ya kisiasa ya wakati huo. Mjadala huo una maana kwa suala la dini. Hata kama asili ya Singwaya inabishaniwa, ushahidi uliopo hautilii shaka kwamba katika karne ya 19 kaya zilikuwapo, zilikuwa na majina, na zilikuwa na wazee waliodai kuzisemea.

Kimpangilio, kaya ilizungukwa na msitu mzito uliopenywa na njia chache zenye milango. Katikati palikuwa na uwazi ambapo koo zilikuwa na sehemu zao, na palikuwa na moro, yaani mahali pa baraza la wazee. Mahali fulani paliposetiriwa palifukiwa fingo, kinga ya kaya iliyosimuliwa kuwa ilibebwa kutoka Singwaya. Makaburi ya waasisi yalikuwa humo. Msitu haukuwa pambo: ulikuwa ngome dhidi ya maadui, na makatazo ya kukata miti yalilinda ngome hiyo sawasawa na yalivyolinda utakatifu wake. Ni kosa kuzitenganisha sababu hizo mbili, kwa kuwa waliozishika makatazo hawakuzitenganisha.

Mpangilio wa imani ulilingana na mpangilio wa jamii. Mulungu alikuwa juu ya yote, lakini mambo ya kila siku yalipitia kwa koma, yaani roho za waliofariki, ambao walikumbukwa kwa vinyago vidogo vya mbao vilivyosimikwa karibu na makazi. Waliokuwa wanachama wa chama cha gohu walisimikiwa vigango, nguzo ndefu zilizochongwa kwa umbo la mtu. Mvua ikichelewa au maradhi yakienea, wazee wa kambi waliingia kayani kufanya tambiko. Kupanda daraja katika mamlaka hayo kulihitaji umri, mali ya kulipia karamu, na miaka mingi ya kufundwa siri. Kwa hiyo mzee hakuheshimiwa kwa sababu ya mvi tu. Aliheshimiwa kwa kuwa alikuwa kiungo kati ya walio hai na waliotangulia, na kwa kuwa kiungo hicho kilikuwa kimegharimiwa.

Hata hivyo, kaya ambayo wamisionari waliikuta ilikuwa tayari imeanza kuhamwa. Katika karne ya 19 Wagiriama walisogea kaskazini kuelekea Mto Sabaki kutafuta mashamba, na biashara ya pembe za ndovu na nafaka iliwapa vijana njia za kupata mali bila kupitia kwa wazee. Kufikia miaka ya 1940 kaya zilikuwa zimeachwa kabisa kama makazi. David Parkin, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wagiriama, aliizungumzia kaya yao kama utupu mtakatifu: mahali ambapo karibu hapana mtu, lakini ndipo watu waliotawanyika wanapopatazama kama kitovu chao. Badiliko la kwanza la kaya, kutoka makazi hadi mahali patakatifu pa kurejewa, lilianza basi kabla ya utawala wa kikoloni, na lilianzishwa na Wamijikenda wenyewe.

3.0 Kaya mbele ya Dini za Kitabu

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1846 yeye pamoja na Johannes Rebmann walifungua kituo cha misheni Rabai. Jambo linalostahili kuzingatiwa ni kwamba walikaa hapo kwa ridhaa ya wazee wa Rabai. Wamethodisti walifungua kituo chao Ribe mwaka 1862. Kwa miongo kadhaa walioongoka kutoka koo za jirani walikuwa wachache, na jumuiya za Kikristo zilikua zaidi kwa kupokea watumwa waliotoroka na waliokombolewa, hasa baada ya kuanzishwa kwa Frere Town karibu na Mombasa mwaka 1875. Wazee hawakuona haja ya kupigana na misheni. Waliichukulia kama jirani mwenye nguvu zake.

Uislamu ulifuata njia tofauti. Miongoni mwa Wadigo wa kusini uliingia kwa biashara, ndoa na ujirani na Waswahili, na katika mwanzo wa karne ya 20 ukawa dini ya sehemu kubwa ya jamii hiyo. Lakini kaya za Wadigo hazikufutika. Katika Kaya Kinondo, kwa mfano, walinzi wa msitu wanatoka katika jamii ya Waislamu, na anayeingia bado hufungwa kitambaa cheusi kiunoni na kutakiwa kushika miiko ya mahali. Mtu aliweza kusali msikitini na kuhudhuria tambiko la mvua bila kuhisi kwamba amejipinga. Waliohisi hivyo walikuwapo pia, na mivutano baina ya masheikh na wazee wa kaya haikuisha. Lakini mipaka ilijadiliwa kila kizazi upya.

Mfano ulio wazi zaidi wa jinsi imani na uchumi vilivyoshikana unatoka katika eneo la Kaloleni, ambako Parkin alifanya utafiti uliochapishwa mwaka 1972. Huko minazi ilikuwa imegeuka mali ya biashara, na vijana wenye bidii walikuwa wakinunua minazi na mashamba kutoka kwa jamaa waliobanwa na madeni ya mahari na matanga. Baadhi yao waliugua, wakaambiwa na waganga kwamba wamepandwa na pepo wa Kiislamu, na tiba ikawa kuacha pombe ya mnazi na nyama isiyochinjwa kwa taratibu za Uislamu. Matokeo yake ni kwamba waliondolewa wajibu wa kula na kunywa pamoja na majirani, wajibu ambao ungewamaliza mali. Hata hivyo, wanunuzi hao hao walihitaji wazee. Mauzo ya shamba hayakuandikwa, yalishuhudiwa. Kesi ikizuka miaka ishirini baadaye, kilichoamua ni kumbukumbu ya mzee aliyekuwapo siku ya makubaliano. Kwa hiyo kijana aliyekwepa karamu ya mzee hakuweza kumkwepa mzee mwenyewe. Jambo hili litarejewa katika sehemu ya sita, kwa kuwa kutoweka kwake ndiko kunakoeleza mengi ya yaliyofuata.

4.0 Kiapo na Baruti: 1913 na 1914

Mgongano wa wazi kati ya kaya na dola ulitokea miongoni mwa Wagiriama. Utawala wa Kiingereza ulitaka kodi ya nyumba, vibarua wa mashamba ya walowezi ya pwani, na baadaye wapagazi wa vita. Ulitaka pia kuwaondoa Wagiriama waliokuwa wamelima kaskazini mwa Sabaki. Arthur Champion, afisa msaidizi wa utawala, alipewa kazi ya kulitia eneo hilo mikononi mwa serikali kwa kutumia wazee walioteuliwa kuwa viongozi wa mitaa.

Katikati ya mwaka 1913 wanaume na wanawake walikusanyika katika Kaya Giriama. Mekatilili wa Menza, mwanamke mjane aliyepita vijijini akihimiza upinzani, na Wanje wa Mwadorikola, mzee aliyeshirikiana naye, ndio wanaotajwa zaidi. Viapo viwili vililiwa: mukushekushe kwa wanawake na fisi kwa wanaume. Walioapa walijifunga kutoshirikiana na serikali, na aliyevunja kiapo alijua kwamba adhabu yake haingetoka mahakamani. Simulizi maarufu inaeleza kwamba Mekatilili alimletea Champion kuku na vifaranga vyake, akamtaka ajaribu kuchukua kifaranga kimoja, naye kuku akamdonoa mkono. Iwe ilitokea hivyo au la, simulizi hiyo inaonesha jinsi Wagiriama walivyolielewa suala la vibarua: lilikuwa suala la watoto kunyang'anywa mama zao.

Cynthia Brantley, aliyeandika historia ya upinzani huu mwaka 1981, ameonesha kwamba Wagiriama hawakuwa na mfalme wala jeshi la pamoja, na kwamba wazee wa kaya walikuwa wamepoteza sehemu kubwa ya uwezo wao kwa kutawanyika kwa watu. Hapo ndipo uzito wa mwaka 1913 ulipo. Watu walirejea mahali ambapo wengi wao hawakuishi tena, wakakipa kiapo cha zamani kazi mpya, na aliyekuwa mstari wa mbele alikuwa mwanamke, ambaye kwa kawaida hakuwa na kiti katika baraza la kambi. Haki ya kusema kwa niaba ya wahenga ilikuwa imechukuliwa na mtu asiyetarajiwa, na jamii ikamkubalia kwa sababu dhiki ilikuwa ya wote.

Serikali ilielewa hivyo pia. Mekatilili na Wanje walikamatwa mwezi Oktoba 1913 na kupelekwa uhamishoni Kisii, upande wa pili wa nchi. Mwanzoni mwa mwaka 1914 walitoroka na kurudi pwani kwa miguu. Tarehe 4 Agosti 1914, siku ile ile Uingereza ilipotangaza vita dhidi ya Ujerumani, Kaya Giriama ililipuliwa kwa baruti kwa amri ya utawala. Mapigano yaliyofuata yalileta kuchomwa kwa nyumba, kuporwa kwa mbuzi, na hatimaye masharti ya amani: faini ya rupia 100,000 na vibarua 1,000 wa kikosi cha wapagazi. Viongozi hao wawili walikamatwa tena, na walirudi nyumbani mwaka 1919.

Inafaa kuuliza kwa nini dola yenye bunduki iliona haja ya kulipua msitu na nyumba chache za nyasi. Jibu ni kwamba maafisa walikuwa wameiamini kaya kwa namna yao. Walidhani kwamba mamlaka ya Wagiriama yamo katika mahali, na kwamba mahali pakiondolewa, mamlaka yataondoka. Matokeo yalikuwa kinyume. Uhamisho kutoka kaskazini mwa Sabaki haukudumu, na kaya iliyolipuliwa ikapata mashahidi wake. Kumbukumbu ya baruti imekuwa sehemu ya utakatifu wa mahali hapo.

5.0 Kutoka Mahali pa Ibada hadi Urithi wa Taifa

Baada ya uhuru wa mwaka 1963, tishio kwa kaya halikuwa jeshi tena. Lilikuwa bei ya ardhi. Pwani ya kusini, hasa ukanda wa Diani, ilijaa hoteli za watalii. Penginepo misitu ilikatwa kwa ajili ya mashamba, mkaa na mbao. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa mimea Ann Robertson na Quentin Luke walianza kuorodhesha misitu ya pwani, wakaona kwamba mingi ya ile iliyosalia ilikuwa ni kaya, na kwamba ilihifadhi mimea adimu kwa sababu miiko ya wazee ilikuwa imezuia shoka. Mwaka 1992 Makumbusho ya Taifa ya Kenya yaliunda kitengo cha kuhifadhi misitu ya pwani, na kuanzia mwaka huo kaya zikaanza kutangazwa katika gazeti rasmi la serikali kuwa kumbukumbu za taifa. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 iliimarisha hatua hizo. Mwaka 2008 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliorodhesha maeneo 10 ya misitu ya kaya kuwa urithi wa dunia. Mwaka 2009 mila na desturi zinazoambatana na kaya ziliwekwa katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa kwa haraka.

Tofauti kati ya hatua hizo mbili inaeleza hali halisi kuliko ripoti nyingi. Katika mwaka mmoja msitu ulitunukiwa hadhi ya dunia; katika mwaka uliofuata ilikiriwa kwamba wanaojua maana ya msitu huo wanapungua. Dola iliyotumia baruti mwaka 1914 sasa inaweka mabango ya kuwazuia wakata miti. Hilo ni badiliko kubwa, na bila hilo kaya kadhaa zingekuwa zimetoweka. Lakini lugha ya ulinzi ni lugha ya hekta, spishi na mipaka. Mzee anapoeleza kwamba mti fulani haukatwi kwa kuwa koma watakasirika, maelezo yake hupokewa kwa sababu yanafaa uhifadhi. Yasipofaa, hayana pa kusikilizwa.

Historia ya vigango inaonesha pengo hilo kwa upande wa vitu. Kigango kikishasimikwa hakihamishwi, hata familia ikihama. Kanuni hiyo ya kidini iliviacha vigango vingi porini bila mlinzi, na kuanzia miaka ya 1970 na 1980 viliibwa kwa mamia na kuuzwa Marekani kama sanaa. Mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kilifi mwaka 1985 akiwa na vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Baada ya miaka mingi kimoja kilitambuliwa katika jumba la makumbusho la jimbo la Illinois na kingine katika Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia, na mwaka 2007 vyote viwili vilirejeshwa kwa familia. Mzee mwenyewe alikuwa ameshafariki. Kilichorudi kilikuwa kigango. Aliyejua namna ya kuzungumza nacho hakuwapo kukipokea.

Kaya ilitumiwa pia kwa siasa za kileo. Mwezi Agosti 1997, kuelekea uchaguzi mkuu, vijana walioapishwa katika Kaya Bombo, wilayani Kwale, walivamia kituo cha polisi cha Likoni na kuwashambulia wakazi wenye asili ya bara. Zaidi ya watu 100 waliuawa na makumi ya maelfu wakahama makwao. Kiapo kilifuata umbo la zamani, lakini tofauti na mwaka 1913 ni kubwa. Kilikuwa nyenzo ya kushinda uchaguzi, na waliokilipia gharama ni majirani. Tukio hilo linakumbusha kwamba mahali patakatifu hapajilindi. Wazee wakidhoofika, yeyote mwenye fedha na nia anaweza kudai kuwa anasema kwa niaba ya wahenga.

6.0 Mzee kama Shahidi, Mzee kama Mtuhumiwa

Katika miongo ya karibuni Kaunti ya Kilifi imejulikana kwa mauaji ya wazee, wanaume kwa wanawake, wanaotuhumiwa uchawi. Mara nyingi wauaji ni vijana, na mara nyingi wanatoka katika familia ya anayeuawa au wametumwa nayo. Maelezo ya haraka huwa mawili: kwamba imani za jadi ni za kikatili kwa asili yake, au kwamba tatizo ni tamaa ya ardhi tu na uchawi ni kisingizio. Yote mawili yana sehemu ya ukweli, na yote mawili yanakosa historia.

Tuhuma za uchawi hazikuanza leo. Katika karne ya 19 aliyetiwa hatiani aliweza kuuawa au kuuzwa utumwani, na hakuna sababu ya kuipamba hali hiyo. Hata hivyo tuhuma ilikuwa na utaratibu. Ilifikishwa kwa wazee, ikapimwa kwa kiraho, kwa mfano kile cha shoka la moto, na mtuhumiwa aliweza kutoka akiwa safi mbele ya wote. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 ilifanya uchawi kuwa kosa, na pia ikafanya kumtuhumu mtu uchawi kuwa kosa, isipokuwa tuhuma hiyo ipelekwe kwa maafisa wa serikali. Kwa vitendo sheria hiyo iliwanyang'anya wazee mamlaka ya kuamua bila kuweka mahakama yenye uwezo wa kuamua, kwa kuwa hakimu wa serikali hutaka ushahidi ambao uchawi hauwezi kuutoa. Tuhuma zilibaki, pa kuzitua pakaondolewa. Waganga wasakaji wachawi waliingia katika nafasi hiyo. Mwaka 1966 mganga kijana aliyejulikana kwa jina la Kajiwe alivuta umati vijijini kwa kufichua waliodaiwa kuwa wachawi. Wakati huo tayari kijana ndiye aliyekuwa akimhukumu mzee.

Upande wa pili ni ardhi. Tangu Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, Wamijikenda wengi wa ukanda wa pwani waliishi bila hati katika mashamba yaliyosajiliwa kwa wengine. Katika maeneo ya ndani, ardhi ilishikiliwa na ukoo na mipaka yake ilikaa katika vichwa vya wazee. Upimaji na usajili wa ardhi ulioendeshwa baada ya uhuru, hasa chini ya sheria ya mwaka 1968, ulihamisha ushahidi kutoka kichwani hadi kwenye karatasi. Mabadiliko hayo yalimgeuza mzee kwa namna mbili kwa pamoja. Kumbukumbu yake ikapoteza thamani, kwa kuwa hati haihitaji shahidi. Lakini jina lake katika hati, au ukaidi wake wa kutouza, ukamfanya kuwa kizuizi kati ya kijana asiye na kazi na mali pekee aliyotarajia kurithi. Yule ambaye Parkin alimkuta hawezi kukwepwa akawa mtu ambaye kuondoka kwake kuna faida.

Kwa mtazamo huo, mauaji ya wazee si mabaki ya dini ya jadi yaliyosahaulika kuondoka. Hofu ya uchawi imetoka katika mfumo wa zamani. Kunyamaza kwa taasisi zilizoipima hofu hiyo kumetoka katika ukoloni. Sababu ya kuharakisha kifo imetoka katika soko la ardhi. Kila kimoja peke yake kisingetosha.

Katika mazingira hayo, Kaya Godoma, katika eneo la Ganze, imekuwa kimbilio la wazee waliotuhumiwa na kufukuzwa makwao. Wanaishi humo kwa msaada wa jumuiya ya kitamaduni ya Wamijikenda, wengine kwa miaka, kwa kuwa kurudi nyumbani ni kuhatarisha maisha. Mwanahistoria hawezi kulipita jambo hili kijuujuu. Kaya ilijengwa iwe ngome ya kumlinda mtu dhidi ya adui wa nje. Sasa inamlinda mzee dhidi ya mwanawe.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba kaya imekuwa makazi, mahali patakatifu, kituo cha upinzani, kumbukumbu ya taifa, urithi wa dunia na kimbilio. Mfululizo huo unapinga dhana kwamba dini ya jadi ilisimama tuli hadi ulimwengu ulipoibadilisha. Wamijikenda walikuwa wakiibadilisha kaya kabla ya misheni, waliitumia upya dhidi ya ukoloni, na wanaitumia upya leo. Kilichobaki imara ni swali la nani anayestahili kusema kwa niaba ya waliotangulia. Mwaka 1913 jibu lilimpa nafasi mwanamke asiye na kiti cha barazani. Mwaka 1997 lilinyakuliwa na wenye nia ya uchaguzi. Katika nyaraka za uhifadhi limeachwa kwa wataalamu wa misitu.

Matokeo ya uchunguzi huu yana maana mbili kwa utafiti ujao. Kwanza, historia ya dini za jadi inahitaji kusomwa pamoja na historia ya ardhi na ya ushahidi, kwa kuwa mamlaka ya kidini ya wazee yalisimama juu ya kazi yao ya kila siku kama mashahidi wa mahari, mipaka na madeni. Pili, sera za urithi zinazopima mafanikio kwa hekta zilizohifadhiwa zinapaswa kupimwa pia kwa hali ya watu wanaozijua hekta hizo. Msitu unaweza kubaki wote, mti kwa mti, na mzee wa mwisho aliyejua jina la kila njia akazikwa na siri zake. Hapo dola itakuwa imehifadhi miti, na kaya itakuwa imekwisha.